Mgomba Mchungu wa Bibokoboko

Jumapili, tarehe 12 Machi 2023. Asubuhi mvua nyepesi ilinyesha mjini Baraka, kisha ukungu ukabaki milimani. Florentine alipotoka misa alikwenda moja kwa moja kwenye kishamba alichoazimwa na jirani yake Nasoro, akakuta mgomba wake mchungu umesogea tena hatua moja.

Kishamba kilitosha migomba mitatu tu, na aliichagua kwa kusali sana. Miwili ilikuwa ya Mboko, ya ndizi tamu zenye maji mengi. Wa tatu ulikuwa mchungu, wa kwao Bibokoboko, juu mlimani. Aliubeba mgongoni ungali chipukizi, siku walipokimbia bunduki. Kasiksi, pombe ya ndizi, ikiwa ya tamu peke yake huharibika siku ya pili. Uchungu ndio unaoishikilia. Mwezi wa sita mwanawe Bienfait angeoa, na wakwe wangeonja kwanza pombe ya mama, ndipo waseme kama binti wao atatoka.

Migomba ya Mboko ilitulia. Ule mchungu ulisogea kila Jumapili, saa za misa, kuelekea mlimani. Zilibaki hatua tatu kufika mpaka wa shamba la Nasoro. Ya nne ingeangukia Pasaka. Mkungu ulikuwa umetoka juzi tu, ukihitaji majuma kumi na mawili kukomaa. Na sharti la Nasoro lilijulikana mtaa mzima: mgomba utakaovuka utang'olewa. Huku mwenye migomba ndiye mwenye udongo. Florentine mwenyewe alikuwa na migomba mia mbili Bibokoboko. Sasa walivuna wengine.

Wilfried, agronomi, bwana shamba wa mtaa, alikuja na kamba.

"Mama Bienfait, uing'oe, upande ingine tamu. Hii iko na kichwa nguvu."

"Tamu tatu? Bakwe batasema nimebaletea juisi ya batoto."

"Basi tuifunge."

Waliufunga kwenye kisiki. Jumapili iliyofuata kisiki nacho kilikuwa kimesogea hatua moja. Wilfried akafungua kamba, alikuwa ameiazima.

Florentine alisali novena, sala ya siku tisa. Hakujua aombe mgomba usimame au njia ya kurudi ifunguke. Aliomba yote mawili, akaona aibu.

Siku ya Pasaka alitoka kanisani akikimbia, kitenge kikimfunguka. Mgomba ulikuwa ndani ya shamba la Nasoro, katikati ya mihogo. Nasoro alisimama kando yake na jembe, midomo mikavu kwa saumu ya Ramadhani. Watu wa misa wakajaa.

"Papa Hawa," Wilfried alimwambia Nasoro, "we hata kasiksi haunywake, hasira ya nini?"

Nasoro alimgeukia Florentine, akamuuliza, "Inaenda wapi?"

"Kwetu."

"Bibokoboko? Mama, kule juu kuko bariyeri, bamefunga njia. Bale ba bunduki banarudishaka bantu, sembuse ndizi."

"Niliiambia. Haisikii."

"Kwangu haitabaki?"

"Haitabaki. Inapita tu."

Nasoro aliushika mkungu, akaupima kwa kiganja. Kisha akalaza jembe chini na kuwageukia watu.

"Musikie bote. Mi naahidi mbele yenu na mbele ya Mungu: hii ndizi ipite kwangu, na mama akate mukungu ukikomaa. Ikimaliza shamba langu, nitaiombea njia kwa jirani, na kwa jirani yake, mpaka ku bariyeri."

Akatazama ukungu wa milimani.

"Ku bariyeri, mi sina jirani."