Nani Kagusa Diski

Binti yangu alipoingia sebuleni na kasha tupu la bati, akalisukuma chini ya televisheni na kusema, "Zawadi yenu hii," nilijua papo hapo kwamba kuna jambo. Zawadi huja imefungwa vizuri, ikafunguliwa, watu wakapiga makofi. Hii ilikuja na bisibisi na mfuko wa skrubu.

"Zawadi ya nini?" nikauliza.

"Basi tu, baba."

Basi tu! Nimetunza stoo ya kiwanda cha rangi mpaka nikastaafu, na huko mtu aliyeleta kitu bila kuombwa ndiye aliyepekuliwa wa kwanza. Majirani wananiita Nani Kagusa, kwa sababu ndilo swali langu kutwa kucha: nani kagusa mkasi, nani kagusa rimoti, nani kagusa kiti changu. Wao wanadhani wananitania. Mimi naona wamenipa cheo, maana nyumba isiyo na wa kuuliza haina tofauti na duka lisilo na mlango.

Kutoka kazini nilirudi na desturi moja ambayo mke wangu aliipigia kelele mpaka akanyamaza mwenyewe. Kiwandani, ukitoa kitu kwenye rafu, pale kilipokuwa unabandika utepe mwekundu. Utepe unamwambia anayekuja nyuma yako kwamba pengo lile linajulikana, asianze kupiga kelele za mwizi. Utepe huo haukosekani mfukoni mwangu mpaka leo, basi nyumbani kwetu ukiukuta juu ya kopo la sukari, usihangaike kufungua. Sukari imekwisha.

Turudi kwenye kasha. Binti yetu ni mtoto wetu wa pekee. Anatunza kompyuta za chuo kimoja hapa mjini na bado analala nyumbani, chumba kinachotazamana na chetu. Kila mwisho wa juma alikaa kwenye zulia akaongeza kitu: feni, ubao wenye nyaya nyembamba, na mwisho diski mbili zilizofanana kama vipande vya sabuni ya mche. Alinieleza mara moja, kwa haraka, macho yake yakiwa kwenye skrubu.

"Kompyuta hii itafanya kazi mbili, baba. Itahifadhi mafaili ya nyumba nzima, picha na kila kilichotawanyika kwenye simu zetu. Halafu hiyo hiyo itaonyesha filamu kwenye televisheni. Hakuna haja ya mashine mbili."

"Na kwa nini sasa?"

"Baba, nishikie huo waya."

Mtu akikujibu kwa kukupa waya ushike, ujue hajakujibu.

Kilichonikosesha raha zaidi ni mke wangu. Yeye ni mshonaji, cherehani yake iko kwenye kona ya sebule hiyo hiyo, na tangu nimemwoa hajawahi kuipenda mashine isiyo na sindano. Sasa ghafla akawa anaacha nguo za watu nusu, anachuchumaa kando ya binti yake. Alikuwa anapiga picha ruwaza zake zote, zile karatasi za kahawia za kukatia mikono, kola na viuno vya sketi, na kuziingiza mle ndani moja moja. Wakawa wananong'ona. Nikiingia, kimya. Feni tu ndiyo iliyobaki inaongea.

Siku moja nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni. Sioni haya kusema hivyo, mlango ni wangu na masikio ni yangu.

"Na nikiwa mbali itafunguka vile vile?" mke wangu aliuliza.

"Popote penye intaneti, mama. Ukiwa mbali au ukiwa hapa kwenye kochi, ni sawa. Tutajaribu wote wawili, mimi nikiwa kazini na wewe ukiwa hapa."

Mbali. Mtu anayelala nyumba moja na mashine ana haja gani ya kuifungua kutoka mbali? Dalili ya mvua ni mawingu. Binti yangu alikuwa anaondoka, na mama yake anajua, na mimi nimefanywa mgeni ndani ya nyumba yangu. Alikuwa anamfundisha mama yake kuitumia ili wapelekeane picha wao kwa wao, na lile "nikiwa mbali" la mama lilikuwa swali la mwanafunzi tu. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu.

Niliogopa, na sitazunguka kulisema. Huyo mtoto ndiye anayecheka katika nyumba yetu. Akiondoka tutabaki mimi na mke wangu, na mimi na mke wangu siku hizi tunaongea kama watu waliokutana kwenye foleni.

Nikaanza kukusanya ushahidi. Wa kwanza, binti yangu alinifundisha rimoti mpya kwa upole usio wa kawaida. Kwa kawaida ananinyang'anya na kubonyeza mwenyewe. Safari hii alisema, "Jaribu tena, mzee wangu, hutaiharibu." Wa pili, alifungua sehemu iliyoandikwa Mzee, na humo alikuwa amejaza filamu mpaka nikachoka kushusha orodha: za mahakamani, za wanyama, za mieleka ya zamani. Mtu humrundikia mbuzi majani mengi anapojua kesho hatakuwepo kumkatia mengine. Wa tatu, nilipomuuliza mke wangu usoni, "Mnanificha nini nyie?" alipitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa jaribio moja tu bila kuinua macho, akasema, "Nani? Sisi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaamua kuchukua hatua.

Jumamosi moja mchana walitoka pamoja kwenda kununua vitambaa. Nilifunga mlango, nikavuta pazia, nikazima mashine kwa kitufe nilichofundishwa. Nikafungua skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kisosi, kwa sababu hata mtu akiharibu, aharibu kwa utaratibu. Ndani palikuwa safi kuliko kabati letu la vyombo. Zile diski mbili zilikaa juu na chini, kila moja kwenye nafasi yake. Nikawaza: mashine ikipungukiwa nusu, haitakamilika, na isipokamilika binti yangu hatakwenda popote mpaka ajue kasoro ni nini. Wiki moja tu ingenitosha kumbana aseme.

Nikachomoa diski ya juu. Nikaificha ndani ya buti langu la kazini, nikajaza soksi juu yake. Nikarudishia mfuniko, nikaiwasha, nikakaa na gazeti kama mtu asiye na hatia duniani.

Walirudi, wakala, na baada ya chakula binti yangu akawasha televisheni. Nikasubiri giza. Halikuja giza. Zilikuja picha zetu zote, nzimanzima, mke wangu akiwa kijana na nywele zake zile, binti yetu bila meno ya mbele. Hakuna hata moja iliyopungua. Nilikuwa sijamaliza kushangaa ndipo chini ya kioo yakatokea maneno meupe: Diski moja haipo.

Binti yangu aliyasoma. Hakushtuka. Aliweka rimoti chini taratibu.

"Kuna mtu kagusa mashine?"

Swali langu mwenyewe, ndani ya sebule yangu mwenyewe, nimeelekezewa mimi!

"Labda panya," nikasema.

"Panya mwenye bisibisi," akasema mke wangu bila kuinua kichwa kwenye pindo alilokuwa akishona.

Binti akaizima, akafungua skrubu na kuziweka kwenye kisosi, akainua mfuniko. Akachungulia. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akajiziba mdomo, mwisho akashindwa, akalala chali kwenye zulia akicheka. Mke wangu akaenda kuangalia. Nikaenda na mimi, maana nilitaka kujua kinachochekesha.

Kwenye nafasi ya juu, pale diski ilipokuwa, palikuwa pamebandikwa utepe mwekundu. Umenyooka, umekandamizwa ncha zote mbili kwa kidole gumba. Sikumbuki kuubandika. Mkono wangu ulifanya kazi yake kama ulivyofanya maisha yote, bila kuniomba ruhusa.

"Baba," binti yangu alisema akifuta machozi, "hizi diski ni pacha. Kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine, ili moja ikifa, nyingine ibaki na kila kitu. Umemteka pacha mmoja. Mwenzake bado anajua yote."

Mke wangu hakucheka. Alikuwa ananitazama tu. Aibu ikanipanda, na mimi aibu ikinipanda hugeuka hasira.

"Ndiyo, nimechukua!" nikafoka. "Mlitaka nifanye nini? Mnanong'ona miezi, mnanijazia filamu kama mgonjwa wa hospitali! Sema leo, mtoto. Sema mbele ya mama yako. Unaondoka!"

Kicheko kikamwisha. Alimgeukia mama yake, na kwa namna alivyomgeukia, nikaona hesabu yangu yote ilikuwa na kosa moja, tena mwanzoni.

"Yeye haendi popote," mke wangu alisema. "Ninayeondoka ni mimi."

Nikakaa.

Alikunja nguo aliyokuwa akishona, akaiweka pajani. Alisema kuna chuo cha ufundi katika mji mwingine, kinataka mwalimu wa ushonaji. Walikuwa wameona kazi yake, wamemwita, na ameitikia. Anasafiri Jumatatu. Ruwaza zake ni nyingi, hawezi kuzibeba, ndiyo maana ameziingiza kwenye mashine ili azifungue akiwa huko. "Hiyo ndiyo nusu yangu," alisema. "Nusu nyingine ni yako. Filamu nilizichagua mimi, siyo mtoto. Sikutaka ukae jioni unakagua mifuniko ya makopo."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Mimi ni mumeo! Kwa nini?"

"Kwa sababu ungeuliza nani kawapa jina langu, na nani mkuu wa chuo, na nyumba nitakayolala ina wapangaji gani, na nitakuwa natoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Na mimi ningejibu moja moja, kama ninavyojibu siku zote. Mpaka nimalize, hamu ya kwenda ingekuwa imenitoka." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Nimeingia na kutoka nyumba hii kama mzigo wa kiwandani, nakaguliwa mlangoni. Safari hii nilitaka nitoke bila kibali."

Binti yangu alikuwa ameinamia kasha, anajifanya anatafuta skrubu ambazo zote zilikuwa kwenye kisosi mbele yake. Nilitafuta neno la kumrudishia mke wangu. Nilikuwa nayo mengi, na kila nililolishika lilikuwa swali.

Nikaenda chumbani, nikatoa soksi, nikaleta diski. Binti akaubandua utepe, akairudisha mahali pake. Alisema ile nzima itaanza kuijaza mwenzake polepole, tusiizime. Tukakaa watatu tukiisikiliza ikifanya kazi. Hakuna aliyewasha filamu.

Jumatatu asubuhi nilimbebea begi mpaka mlangoni. Binti alikuwa nje tayari, ameshikilia mlango wa teksi. Njia nzima kutoka chumbani nilikuwa nameza maswali. Nilimwambia achukue koti. Nilimwambia huko huenda kuna baridi. Akachukua koti.

Kizingitini akasimama. Akaweka mkono wake juu ya begi, karibu na wangu.

"Huulizi narudi lini?"

"Siulizi," nikasema. "Umesema umechoka na maswali."

"Hilo moja uliza."

Nilifungua mdomo, na nikaelewa jambo ambalo sikuwahi kulielewa miaka yote. Nani kagusa mkasi, nani kahamisha kiti: majibu yote hayo nilikuwa nayo kabla ya kuuliza. Nilichokuwa nataka ni kumwona mtu akibabaika. Hili sikuwa na jibu lake.

"Unarudi lini, mke wangu?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, akitazama sebule kupitia begani kwangu.

"Sijui," akasema.

Nikamtazama machoni, kama nilivyowatazama wote waliopita mbele yangu stooni, wezi na waaminifu. Alikuwa anasema kweli.