Maziwa ya Kuoshea Moshi

...na huyu naye kwa nini hazimi, si umeambiwa simama, askari wa barabarani kainua mkono, msafara wa wakubwa unapita, zima basi, wewe dereva wa lori lenye matairi mengi kuliko watu wa kijiji chetu, lakini wapi, linanguruma tu, na ekzosi yake imekaa usawa wa pua yangu hasa, kama vile kiwandani walikaa kikao wakasema kuna mwanamume anatoka Mkonze kila siku na baiskeli anakwenda kufyeka nyasi za serikali Mtumba, tumwekee bomba lake, puuu, na tena, puuu, moshi huu ukiukusanya unapaka nyumba ya vyumba vinne na choo cha nje, mi nimeumeza miaka miwili, nikipiga chafya mbuzi mweupe wa jirani anageuka mweusi, wallahi, kamuulizeni mwenyewe, siyo jirani, mbuzi... "Mzee wa pedeli! Bado hujafa?" ndiyo salamu ya Khalidi hiyo, bodaboda, Mrangi wa Kondoa, tunakutana hapa Ihumwa karibu kila asubuhi, kakaa juu ya pikipiki yake utadhani kaoa binti wa sultani, "Nife mimi, halafu wewe nani akufundishe kuendesha?" namjibu, "moshi wenyewe unaniogopa, ukiniona unavuka barabara," anacheka, abiria wake, dada mmoja kajifunika pua na mtandio, anacheka naye, na mi nacheka, halafu kifua kinabana, nageukia pembeni najifanya natazama tairi, nakohoa ndani ya kipande cha kanga ya mke wangu Penina nilichojifunga mdomoni, moja, mbili, ya tatu inatoka na kitu, nakichungulia kwa jicho moja, cheusi, nakunja kanga haraka, sijaona, mwanamume haoni vitu kama hivyo... na mkono nao, mkono huu hauna akili, kichwa kimeuambia uache tangu juzi lakini umeshakwenda kwenye mfuko wa usukani, umeshaikamata chupa ya maziwa, ya moto bado, Penina kayachemsha alfajiri, nusu lita, ndiyo yote, ng'ombe wetu ni mmoja, baba mkwe alitupa kutoka Kongwa, na kiangazi hiki akijitahidi sana, akikumbuka kwao, anatoa nusu lita, basi... maziwa yanaosha moshi, nani asiyejua, Methusela fundi wa kuchomelea ndiye alinifundisha, miaka ishirini anachomelea mageti na hajawahi kulazwa, aliniambia mdogo wangu, moshi ni kama masizi ya sufuria, na maziwa ni mafuta, kunywa kila siku, unateleza wote unatoka chini, na mi nikawafundisha wafyekaji wote wa bustani, darasa la tano niliacha lakini siku ile niliongea kama profesa, nikawaambia kifua changu ukikifungua sasa hivi ni cheupe kama ukuta wa wizara, na Khalidi huyu huyu nimemwambia mara mia, "Kunywa dawa basi, bwana," anasema, "leo mbona unaitazama kama mchumba?" namwambia naisubiri ipoe, koo la simba halipendi vitu vya moto, anacheka, cheka tu... juzi Penina alikwenda msibani, akaniambia Baba Elisha mpeleke mtoto kliniki akapimwe, nikampeleka, mwanamume peke yangu kati ya akina mama arobaini, nikawachekesha wote, nikamwambia nesi huyu mwanangu ni mdogo kwa sababu mifupa yake ni chuma, mizani haiwezi kusoma chuma, nesi hakucheka, akamning'iniza kwenye ule mkoba, miguu imelegea, akaandika kwenye kadi, akachora nukta, nukta ilikuwa kwenye kijani ikashuka kwenye kijivu, imeshuka mara tatu mfululizo, akauliza anakula nini, nikasema uji, akasema uji na nini, nikasema uji na maji, uji unawekwa nini tena, akasema hamna maziwa nyumbani? na mi, huu mdomo, huu mdomo uje ukatwe siku moja, nikasema kwa majigambo kabisa, yapo, lakini nakunywa mimi, naosha moshi... akina mama wote arobaini wakanigeukia, nesi akaweka kalamu chini, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulinichoma, "Baba, maziwa yanakwenda tumboni. Hewa inakwenda kwenye mapafu. Ni njia mbili, hazikutani. Hujaosha kitu"... nikasema ahaa, nikasema asante nesi, nikamfunga mtoto mgongoni vibaya akina mama wakanirekebishia, na njia nzima nikapiga mluzi... na Penina sijamwambia, juzi sikusema, jana sikusema, leo alfajiri kanipa chupa kaifunika na kitambaa, "Baba Elisha, maziwa yako haya, usisahau," nikapokea, kwa nini nilipokea, ningekataa angeuliza, ningemwambia, naye angeanza kuhesabu miezi, Penina ana kichwa, angerudi nyuma mpaka siku ile nilipoingia ndani nimevimba kichwa nikasema kuanzia leo maziwa ni dawa ya baba, mtoto anaweza kungoja mvua, ng'ombe ataongeza, yeye alisema lakini mtoto... nikamkata, nikamwambia baba akifa nani ataleta unga, tangu hapo akawa anapima mwenyewe, hata tone hakubakiza, na tone lililoshuka nje ya chupa alikuwa analifuta na kidole, kile kidole anampa Elisha... puuu, tena, haya endelea, mimina, afadhali huyo nesi angeniacha mjinga wangu, maana mjinga alikuwa anapita hapa kifua mbele, alikuwa na dawa, sasa nina nini, nina kipande cha kanga, na kurudi jioni malori yale yale, na kesho, na kazi siwezi kuacha, na nauli ya gari kila siku inakula mshahara mpaka mifupa, kwa hiyo nitaendelea kuumeza, ila sasa nitaumeza nikijua... na hili lingine nililisema jana tu kwa wafyekaji, tukinoa mafyekeo, nikawaambia nyie hampendwi makwenu, mimi nikitoka asubuhi mwanangu analia machozi yanajaza ndoo, anatambaa nyuma ya baiskeli mpaka kwenye michongoma, hawezi kuachana na baba yake, kuna mtoto gani Dodoma nzima anayempenda baba hivyo, wakasema kweli kaka umebarikiwa, na leo kalia tena, katambaa tena, nikashuka nikamnyooshea mkono nimbembeleze, hakuushika, usoni hakunitazama, nikageuza usukani kushoto naye shingo ikaenda kushoto, nikageuza kulia ikaenda kulia, alikuwa anaufuata mfuko wa chupa, mikono yote miwili ameunyooshea mfuko, na mi nikambusu kichwani nikasema baba anarudi mwanangu usilie... "We vipi?" Khalidi anasema, "umemezwa na moshi? Tupige basi hadithi, huu msafara hauishi leo," hadithi, ndiyo, ninazo, nikitaka namwambia lori hili nimewahi kulivuta kwa kamba ya katani mpaka Gairo, na dada wa mtandio anageuka naye anangoja, nafungua mdomo, lori linanguruma, askari mkono juu bado, "Mwanangu ana mwaka na nusu," nasema, "ana kilo nane," Khalidi anangoja nimalizie, uso wake uko tayari kucheka, anajua kuna kitu kinakuja, na mi natafuta cha kuongeza, natafuta kweli, kilo nane... hakuna.