Mikono Inayopapasa

Jirani, yule waliyembandika jina la Redio, alidai kwamba mikono ya daktari ilipita juu ya ukuta wake jioni, ikamwangushia ndoo, ikaendelea na safari bila hata salamu.

"Mikono tu, mwanangu. Mwenyewe hayupo."

Watu walisema anatia chumvi. Binti hakubisha. Mikono hiyo ilikuwa ikija kwao tangu walipomzika mama. Iliingia kwa dirisha la jikoni, ikanawa sabuni mpaka viwikoni, ikauvuta mto wa mama mezani. Ilifumua mshono, ikazama ndani ya pamba na kupapasa kila pembe, taratibu. Kisha ilishona tena. Mishono yenyewe hata fundi angeionea wivu.

Kwenye vifundo vya mikono hiyo kulikuwa na bangili za kupimia. Hospitali iliwavisha madaktari wote wa upasuaji: mkono ukisogea mara chache, alama zinapanda; ukihangaika, zinashuka. Daktari aliyempasua mama ndiye aliyeongoza kwa alama. Picha yake ilitundikwa getini.

Baada ya upasuaji mama alivimba tumbo wodini, akafa. Hospitali ilisema binti alimnywesha maji kabla ya muda. Tangu hapo baba hakupokea kikombe kutoka kwake. Alijichotea mwenyewe.

Jioni hiyo alikuja mtu wa vipimo kutoka hospitali, begi begani.

"Dada, mikono ya daktari ipo?"

"Ipo. Inamalizia."

Alisubiri, macho kwenye simu. "Huku kwenu inapapasa mno. Inamharibia alama, na kesho ana wagonjwa."

"Na kwa mama ilipapasa?"

Aliibonyeza simu kidogo. "Hapana. Muuguzi alisema kitambaa kimoja hakionekani, ila kutafuta kunashusha alama. Daktari akafunga hivyo hivyo. Siku hiyo alipata mia." Alisema kama anayetaja bei ya sukari.

"Na yale maji?"

"Maji gani?"

Mikono ilipokata uzi, mgeni aliikunja, akaitia begini, akavuta zipu. Uani, baba alikuwa ameinamia pipa na kikombe chake. Binti alimfuata mgeni mpaka kizingitini.

"Kaka, baba yule pale. Mwambie ulivyoniambia mimi. Neno moja tu."

Mtu wa vipimo alimwamkia baba kwa adabu, akapita. Ndani ya begi, mikono ilikuwa bado ikipapasa.