Kipande cha Kuaga

...bado ni kubwa, anasema Hebbar, mkuu wao, kazi hii haimaliziki kwa wiki mbili, ikateni tena, na mkono wake umeielekeza ile kadi ya njano kwa Yamuna ili aichukue, Yamuna haichukui, anaisoma tu, Mimi niliyefiwa, nataka kuongea na mama yangu, basi, sentensi moja, maana hapa Bengaluru, kwenye ofisi ya watengeneza programu, kila kazi huandikwa hivyo, mimi fulani nataka kitu fulani, wanaiita hadithi, na hadithi ikiwa kubwa hukatwa mpaka kila kipande kiweze kusimama peke yake... mama asimame peke yake vipi, kwa miguu ipi... kipande cha kwanza, mama aite jina, cha pili, mama aulize swali, cha tatu, mama aage, hicho bado wanabishana, na hiyo sauti ya majaribio, ambayo mashine inafundishwa kuiiga, ni ya Amma, mama yake Yamuna mwenyewe, aliye hai, mzima wa afya, yuko kwao Udupi saa hizi anamenya fenesi, vidole kavipaka mafuta ya nazi utomvu usimgande, ilihitajika sauti ya mzee yeyote na Yamuna akasema mimi ninayo, akawa anamrekodi kwenye simu kila Jumapili bila kumwambia, Amma anasimulia habari za mvua na paka wa jirani, halafu ananyamaza ghafla, Yamu, unanisikiliza au unanisikia tu?... sikilizeni, anasema mwenzao Ligory kwenye kompyuta yake, cha pili kimekubali, anabonyeza, na chumba kizima kinajaa Amma, Yamu, umekula?, na Yamuna anajibu, nimekula, Amma, kwa sauti, mbele ya watu, wanaangua kicheko, wee dada, unaijibu kompyuta, anasema Ligory, tena unamdanganya mama wa watu, hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi... alisema lini hivyo, anauliza Yamuna, hakusema, anajibu Ligory kwa fahari, hatukumrekodi akisema hivyo hata mara moja, mashine imeokota silabi huku na huku ikaunga yenyewe, na ni kweli, Amma haulizi mtu kama amekula, Amma anapakua, sahani inatua mbele yako na yeye keshageuka jikoni, hajawahi kuuliza, hata siku moja... ila ile siku barazani, Yamuna mdogo, sare ya shule imelowa chapachapa, Amma ameinama anamfuta nywele kwa pindo la sari, Yamu, umekula?, na harufu ya kuni mbichi... siku gani hiyo, haikuwapo siku hiyo, dakika moja iliyopita haikuwapo, mbona sasa anaiona mpaka matone yanayodondoka vigaeni... na hiki cha kuaga tukitupe, anasema Hebbar, nani atataka mama yake amuage, mtu akishaagwa haifungui tena programu, acheni aite na kuuliza, aite na kuuliza, inatosha, na Ligory anasema, mkuu, unamtesa marehemu sasa, wanacheka tena, na Yamuna anamwona Amma amesimama barazani kwenye mvua isiyokatika, anaita, anauliza, anaita, hana neno la kuondokea, na mtoto anayefutwa nywele hakui... rudi nyuma, Yamuna, tafuta Amma wa kweli, wa Jumapili, wa paka na mvua, alitamkaje Yamu, alivuta mwisho au alikata, anatafuta, anatafuta, inakuja ile sauti ya spika, safi, isiyo na kikohozi, isiyo na kelele za jikoni, kila mlango anaofungua ndani ya kichwa anamkuta huyo huyo ameshakaa... unaichukua au huichukui, anasema Hebbar, usiitupe ya kuaga, anasema Yamuna, hiyo ndiyo tuitengeneze kwanza, na Hebbar anamtazama, kwanza kwa nini, simu iko mfukoni mwa Yamuna, angeweza kutoka nje sasa hivi ampigie, Amma angepokea kabla haijalia mara ya pili, lakini mkono hauendi mfukoni, kwa maana anajua atakachofanya akiisikia ile sauti ya kizee, yenye kukwaruza, ikimwita jina kutoka Udupi, atatafuta kasoro zake, aipime na ile ya spika, kadi bado iko mbele yake, Hebbar bado anangoja, na Yamuna anaona haya, maana amekwisha kuanza kumlilia mtu aliye hai...