Kidole Gumba cha Nane

Ofisini kwetu tunatengeneza video za kazi za nyumbani, na video haiendi mtandaoni mpaka kila mtu aweke alama ya kidole gumba, kwamba ameikubali, kwenye kundi la simu. Ndiyo sheria ya Bosi. Tuko wanane, na wa nane ni mimi ninayepiga deki na kuchemsha chai. Nilitiwa kundini ili watu waniagizie chai, sheria ikanikumba humo humo.

Wenzangu walikuwa wanaweka kidole kabla video haijafunguka. Nani ana muda? Asubuhi kuna kikao cha kupanga kazi, mchana kikao cha kuulizana mbona kazi haijaisha. Mimi nilikuwa naziangalia zote mpaka mwisho, jikoni, sauti chini. Shule niliishia darasa la tano, na video zile zilinifundisha mengi.

Siku moja ikaja ya kusafisha choo. Dada Mtangazaji alimimina dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, juu yake akaongeza dawa kali ya choo, akasema ukichanganya hivyo choo kinameta. Nikashtuka. Mchanganyiko huo hutoa hewa inayokaba pumzi. Uliwahi kunitoa bafuni mbio, nakohoa mpaka machozi.

Vidole saba vikajipanga. Changu sikuweka. Nilikuwa bado kwenye mwezi wa majaribio, na kumkosoa mtangazaji niliona ni kujifukuzisha kazi. Nikaanza kuosha vikombe visafi.

Bosi akaandika kuuliza nani anatuchelewesha. Wakasukumiana lawama. Kaka Makasi, anayekata na kuunga video, akaapa yeye alikuwa wa kwanza. Mwishowe wakahesabu, wakanifuata jikoni wote, polepole, kama wanakuja kumtazama mgonjwa.

"Mdogo wangu," Dada Mtangazaji akasema, "bonyeza tu, twende tukale."

"Dada, watu watakufa," nikasema, macho kwenye sinki.

Nikaeleza, sauti ikitoka kwa kubembelezwa. Bosi akamgeukia Dada: mbona yeye hakukohoa? Dada akakiri kwamba chupa zote mbili walitia maji matupu, asiharibu rangi ya kucha. Ndipo Bosi akauliza nani aliiangalia video hadi mwisho. Watu wakatazama viatu vyao. Bosi naye akatazama vyake.

Tukarekodi upya mchana ule ule, dawa moja tu, dirisha wazi. Bosi akataka nisafishe mimi mbele ya kamera; uso nilikataa katakata kuuonyesha, nikatoa mikono. Kaka Makasi alipomaliza kuunga, akanijia jikoni na simu, akataka nianze mimi kuweka kidole. Nikaiangalia yote kwanza. Wakasubiri.

Jioni Bosi akaniambia majaribio yamekwisha, kesho nije kusaini mkataba. Nikiwa njiani, video tayari iko mtandaoni, mama akapiga simu.

"Huyo anayekamua tambara kama amegombana nalo ni wewe," akasema. "Usinifiche."