Bastola Mbili Ndani ya Mlango wa Carina

Shida iliyoletwa gereji ilikuwa kioo cha dereva kukataa kushuka, basi. Carina nyeupe, na mwenyewe ni bwana mmoja anaitwa Maxime, mpole, shati limepigwa pasi hadi kola. Alisema anakwenda kunywa chai, atarudi. Mimi na shemeji yangu Massoudi, ambaye alimuoa dada yangu akaletewa na mimi kama nyongeza, tukafungua bitana ya mlango. Kioo kilikuwa kimekwamishwa na kanga. Ndani ya kanga kulikuwa na bastola mbili.

"Uthmani," shemeji akanong'ona, "rudisha."

"Nikirudisha, kioo akitashuka."

Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Nikiogopa unafanya kazi zaidi.

Hatujakaza hata skrubu moja, Maxime akawa amesimama nyuma yetu. Hakupiga kelele. Alivuta mlango wa bati wa gereji, akatia komeo, akakaa juu ya tairi. Nje, mtaa wetu wa Buyenzi uliendelea kugonga mabodi ya magari kama kawaida.

"Mumeona," akasema.

"Apana, patron, atukuona kitu," shemeji akajibu, bastola zote mbili ziko mikononi mwake.

Maxime akatabasamu. Afadhali angetukana.

"Vizuri. Mi natembea na moja tu, mbili ni muzigo. Nyinyi ni mafundi. Muniambie ipi iko muzuri."

Swali gani hilo? Ukijibu vibaya, umekwisha. Ukijibu vizuri mno, atajiuliza umejifunzia wapi, na umekwisha pia. Kitu kimoja tu nilikitaka duniani: huyu bwana atoke akiamini kwamba hatutasema, na sisi tubaki tunapumua.

Shemeji akaziweka kwenye meza ya kazi. Moja iliandikwa Colt, nyingine Smith & Wesson. Zote za zamani, zote za risasi sita, zote za aina ile ambayo huhitaji kupandisha nyundo kwa kidole: unavuta triga tu, silinda inazunguka, nyundo inapanda, halafu inaanguka. Alipoanza kuzigusa, akawa fundi tena. Chuma ni chuma.

Smith ilifunguka kwa kusukuma kitufe mbele. Colt, kwa kukivuta nyuma. Risasi za Smith zilitoka zote. Katika Colt zikatoka tano. Ya sita ilikuwa imeota kutu ya kijani, ikang'ang'ania.

"Iache," Maxime akasema. "Iweke nyuma, iwe ya mwisho. Jaribu."

Shemeji alijaribu Smith kwanza, ameielekeza chini. Triga ilikuja laini, uzito uleule mwanzo hadi mwisho, silinda ikizunguka kwenda kushoto. Tak. Kisha akachukua Colt, akaisogeza ile risasi mahali ambapo, kwenye Smith, ingekuwa imeshapita mtutu na zamu yake ni ya mwisho. Akaifunga.

Buyenzi ndivyo tulivyo. Hatuulizi kiwanda. Alternator ya Nissan tunaipachika kwenye Toyota, na mteja anarudi kushukuru. Kilichozunguka kushoto huku, kwa nini kisizunguke kushoto kule?

"Nipe," Maxime akasema, akaichukua Colt. "Na we munyamavu, unaonaje?"

Munyamavu! Nikasema, "Patron, mi naona zote zina tundu moja baya, lile la mbele."

Hata shemeji alifumba macho.

"Unapenda kucheka," Maxime akasema. "Simama pale, kwenye iyo tanki ya maji. Ni tupu kwanza, si ndiyo? Iyo moja iko ya mwisho. Nataka kuona mutu anayeniamini."

Nikasimama. Nikaegemea tanki. Mtutu ukanitazama kifuani. Kando ya mtutu, upande wa mkono wangu wa kulia, niliona ncha ya ile risasi ndani ya tundu lake. Akaanza kuvuta, polepole, kama mtu anayeonja chai ya moto. Silinda ikasogea.

Ncha haikuwa inauacha mtutu. Ilikuwa inapanda kuja kwenye mtutu.

"Inazunguka kulia!" nililia. "Patron, kulia! Inakuja! Wallahi inakuja!"

Colt, karibu na mwisho, triga yake inakuwa nzito. Pale pale kwenye uzito kidole chake kikasita. Nyundo ilikuwa juu. Sikusikia tena mabati ya nje, nilisikia tu shemeji akisema shahada.

Maxime akaangalia silinda. Akaishika nyundo kwa kidole gumba, akairudisha taratibu hadi chini. Jasho lilikuwa limemwagika kwenye ile kola yake. Kumbe na yeye.

"Ii ya laini," akasema, akazoa risasi zilizokuwa mezani, akaitia Smith kwenye mkanda na kuishushia shati. Colt akaiacha juu ya meza, na risasi yake.

"Umesahau, patron," shemeji akasema.

"Apana. Iyo ni yenu." Alikuwa ameshafungua komeo. "Mukisema mi niko na moja, mi nitasema nyinyi muko na moja. Sasa tunaaminiana."

Carina ikatoka, kioo kimeshuka vizuri kabisa.

Shemeji aliigusa Colt, akaiacha, akaigusa tena. Kwenye pipa la oili? Mtu atalimwaga. Mtoni Ruzizi? Kuna vizuizi njiani. Polisi? Wataanza kuuliza kwa nini mikono yetu inaijua. Nyumbani kuna dada na watoto.

Mlangoni akatokea Mama Houda wa duka la vipuri, anataka kurudishiwa jeki yake. Shemeji akaitupia Colt ovaroli, akapanda mezani, akaikalia.

"Jamani, leo kumetulia," Mama Houda akasema. "Uthmani, ata kichekesho kimoja akuna?"

Nilifungua mdomo. Shemeji, pale alipokaa, hakuthubutu hata kugeuza kiuno.

"Jeki iko nyuma, mama," nikasema. "Pita mbali na meza."