Madirisha Kwanza, Kufuli Baadaye

Tangu asubuhi fundi wa kompyuta alikuwa amekunja uso mbele ya skrini nyeusi ya zahanati. Mashine ile alikuwa ameibana barabara kwa kufuli la usalama: kiini cha mfumo, yaani programu kuu inayoiendesha mashine, hakikuruhusu programu yoyote kugusa kumbukumbu yake, na ile ya kuchora madirisha ya skrini, bila kuigusa, haikuwaka ng'o.

"Dada, legeza kidogo tu," kaka yake, mkuu wa mapokezi, alibembeleza. "Wagonjwa wamejaa mpaka kwenye ngazi."

"Silegezi! Kufuli linabaki, na madirisha utayaona."

Akajaribu, akakwama, akasonya, akajaribu tena. Mwishowe akaliona kosa lake: alikuwa akifunga mlango kabla mgeni hajaingia. Akageuza mpangilio na kuiwasha mashine upya; madirisha yakatangulia, kufuli likafuata. Skrini ikajaa rangi.

Kaka akapiga makofi. Kisha akachomoa flashi mfukoni. "Sasa nifungulie mara moja, niweke hiki kiprogramu cha kuongeza kasi. Nimepewa na rafiki."

"Hata mimi siwezi. Kufuli likishajifunga, hakuna amri ya kulifungua mpaka mashine izimwe."

Kaka akatazama swichi, akatazama foleni, akairudisha flashi mfukoni. "Mdogo wangu, umefunga hivi kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu mimi. Mwaka jana uliniomba hivi hivi, nikakufungulia, tukapoteza mafaili yote ya wagonjwa. Wewe ukinibembeleza, kaka, mimi sijui kukataa. Mashine inajua."